Alumita Ranadi, Aliyeifuata Homa Hadi Nyumbani Kwao

Mchungaji, mkuu wa kijiji, wazee wa koo zote nne, shemeji zetu mliovuka bahari kutoka Kadavu, wafanyakazi wa afya, jirani zetu wa ng'ambo ya mto, na ninyi nyote mlioketi chini ya turubai hili, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Naitwa Filimone Vakaloloma, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu mume wake, shemeji yangu Eliki, alisema jana kwamba akishika karatasi herufi zinamkimbia. Mimi hazinikimbii, naziona zote. Nitasoma polepole, na mkinisikia nasoma kama mtu anayesoma bei za dukani, msidhani sikumpenda dada yangu, ndivyo nilivyo tangu Jumanne.

Marehemu Alumita Ranadi Vakaloloma alizaliwa tarehe 19 Februari 1961 hapa hapa Nakoroivau, katika nyumba iliyokuwa pale lilipo sasa tangi la maji la shule, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Aporosa Vakaloloma, mkausha mbata na shemasi wa kanisa, na mama yetu Titilia. Baada yake alizaliwa Viliame, aliyefariki akiwa bado ananyonya, kisha mimi mwaka 1966, tukabaki wawili.

Alianza shule ya msingi ya kijijini mwaka 1967 na kumaliza mwaka 1974, na wanaomkumbuka wakati huo wanamkumbuka kwa mdomo, kwani kabla hajajua kugawanya kwa tarakimu mbili alikwisha kujua nani amekosana na nani katika koo zote nne, nani alilala wapi, na nani alikula kwa nani. Marehemu baba alimwonya mara nyingi, "Alumita, umbea huu utakuponza," naye akawa anajibu, "Baba, mimi siongezi chumvi, nasema kilivyokuwa." Mwaka 1975 alikwenda shule ya bweni ya wasichana katika kisiwa kikubwa, akamaliza mwaka 1979, na Januari 1980 akaingia chuo cha uuguzi Suva, mji mkuu wetu, ambako alihitimu mwishoni mwa mwaka 1982.

Kazi alianzia kisiwani Taveuni, tarehe 7 Machi 1983, akiwa muuguzi wa vijijini, mwenye farasi kwanza na baadaye pikipiki, akichanja watoto na kupima wajawazito, na huko ndiko alikoanza kuuliza maswali ambayo mabosi wake hawakumtuma kuuliza, kwa nini watoto wa upande huu wa kilima wanaharisha na wa upande ule hawaharishi, kwa nini kikohozi kinafuata familia zinazolala nyumba moja na kuwaruka wajomba zao wanaolala jirani. Mwaka 1990 alisoma stashahada ya afya ya jamii, na kuanzia Januari 1995 hadi Desemba 1996 alikuwa Brisbane, Australia, akisomea shahada ya uzamili ya epidemiolojia, neno ambalo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeweza kulitamka. Baba alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa masomo ya binti yake, akasema, "Anasomea epimelolojia, ni kama theolojia, ila hii ni ya kuhara," na kanisa zima likacheka hadi mchungaji akafunga Biblia. Alumita mwenyewe alikuwa na jina jepesi zaidi. Mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alisema, "Umbea wa serikali. Ninyi mnauliza nani alikula kwa nani ili mcheke, mimi nauliza ili asife mwingine."

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na Eliki Nabou wa Kadavu, mwalimu wa useremala, katika kanisa hili lililo nyuma yenu. Walijaliwa watoto wawili, Makereta, aliyezaliwa mwaka 1988 na ambaye ni mhasibu Labasa, na Waisale, aliyezaliwa mwaka 1991, askari, aliyefika jana asubuhi kutoka kikosi cha kulinda amani, na wajukuu watano. Eliki alipenda kusema kwamba alioa nyumba yenye choo safi kuliko jiko la mama yake, na mama yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kuicheka hiyo.

Ndugu waombolezaji, kuna mwaka mmoja ambao familia imejadili kama usomwe au urukwe. Mama amesema usomwe.

Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba 2003 kijiji chetu kilifungua ukumbi mpya wa kanisa, wageni walikuja kwa mabasi kutoka Labasa na Savusavu, nguruwe na majimbi yaliokwa ardhini tangu alfajiri, na mama yetu Titilia, kama ilivyokuwa katika kila shughuli tangu nikiwa mtoto, ndiye aliyetengeneza samaki wabichi wa ndimu na tui la nazi, kwa sababu hakukuwa na mkono mwingine upande huu wa kisiwa ulioweza kuwafanya wawe vile. Waliobaki katika beseni walipewa watoto wa kwaya. Wiki ya tatu ya mwezi huo watu walianza kuugua, homa isiyoshuka, kichwa, tumbo, wengine kuharisha na wengine kufunga choo, na kabla ya Krismasi waliougua walikuwa wamepita sitini na waliofariki walikuwa wanne. Wa tatu kufariki, tarehe 2 Novemba, alikuwa binti yangu Losana, mwenye umri wa miaka saba, mwimbaji wa sauti ya kwanza.

Ilikuwa homa ya matumbo. Alumita wakati huo alikuwa mkuu wa kitengo cha magonjwa ya mlipuko cha kaskazini, akatumwa na ofisi yake, na wengine walisema asitumwe kwa sababu ni kijiji chake, naye akawajibu kwamba hakuna mwingine ambaye mashangazi wa Nakoroivau watamwambia ukweli kuhusu vyoo vyao. Alimzika Losana pamoja nasi, akamshika mke wangu Varanisese mkono siku nzima, na kesho yake akavaa buti akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Alipofika, kijiji kilikwisha kupata jibu. Jibu lilikuwa mto. Juu ya mto Waidamu, kwenye ardhi ya koo zetu waliyoikodi tangu enzi za babu zao, wanaishi jirani zetu wakulima wa miwa wenye asili ya India, mzee Hardeo na ndugu zake, na ikasemwa kwamba vyoo vyao vinamwaga mtoni, na kwamba wenye vyoo vile hawastahili kuongezewa mkataba unaokwisha mwakani, na vijana wetu wakaweka magogo barabarani ili malori ya miwa yasipite, na siku moja mchana kona ya shamba la Hardeo ikawaka moto ambao hakuna aliyeuona ukiwashwa.

Dada yangu aliuliza wagonjwa, kisha akaanza kuuliza wazima, jambo lililowaudhi watu. Shangazi Laisani, dada yake baba, alimwambia, "Wagonjwa wako kule hospitali, mimi unanitakia nini?"

"Shangazi, wagonjwa wananipa nusu ya habari. Nusu nyingine mnayo ninyi ambao hamkuugua. Ulikula nini siku ya ukumbi?"

"Mwanangu, siku zote hizo! Mimi hata cha jana sikikumbuki."

"Wewe unakumbuka gauni alilovaa mke wa mchungaji mwaka niliozaliwa mimi."

"La zambarau, na halikumkaa."

"Haya. Na chakula je?"

Shangazi akakumbuka vyote, sahani kwa sahani, na akakumbuka kwamba samaki hakugusa kwa sababu jino lilikuwa linamuuma na ndimu ingemchoma. Kwa maswali ya namna hiyo, nyumba baada ya nyumba, dada yangu aliona kwamba ugonjwa haukufuata mto. Watu wa Vunisei, walio chini yetu na wanaokunywa maji yale yale, hawakualikwa kwenye ukumbi na hawakuugua hata mmoja. Wageni wa Labasa, waliokula wakapanda basi bila kuonja tone la Waidamu, waliugua wakiwa kwao. Mzee Hardeo na mkewe Phulmati walialikwa, wakaja, wakala majimbi na mboga kwa sababu samaki na nyama hawali, wakarudi nyumbani wazima. Waliougua, karibu wote, walikula samaki wa tui. Akauliza tena kuhusu miaka ya nyuma, harusi ile, msiba ule, na kila mahali palipokuwa na shughuli kubwa na samaki wale, wiki mbili tatu baadaye kulikuwa na mtu au wawili wenye homa ndefu iliyoitwa malaria ya watu waliosafiri, au uchovu, au kurogwa.

Wataalamu wa afya mlioko hapa mnajua linalofuata, lakini nalieleza kwa wengine. Kuna mtu anayeugua homa hii akapona, akanenepa, akaishi miaka hamsini bila kuumwa, na vijidudu vikabaki vimejificha katika kifuko cha nyongo vikitoka kidogo kidogo chooni, na siku mikono isipooshwa vizuri vinaingia katika chakula kisichopikwa. Mtu huyo hajui. Hana kosa alilotenda. Alumita aliomba sampuli za choo za wanawake wote waliopika siku ile, wakacheka, wakamtania, Shangazi Laisani akamletea yake ndani ya kopo la biskuti lililofungwa utepe, ingawa hakuwa amepika chochote, na majibu yalipotoka maabara, vijidudu vilionekana kwa mtu mmoja tu.

Nilikuwa nakarabati ua wa nguruwe Alhamisi ile, tarehe 27 Novemba, ndipo Makereta akaja kuniambia naitwa na bibi yake jikoni. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na mikono yake ameikalia, chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Alumita alikuwa ameketi upande wa pili. Ninyi mnajua kwamba kwetu kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawatazamani usoni wakizungumza, na jambo zito hupitia kwa mke au kwa shangazi, lakini siku ile dada yangu alinitazama usoni tangu nilipoinama kuingia mlangoni hadi nilipotoka.

Mama akasema, "Filimone, keti. Dada yako amenieleza kitu cha mwili wangu, ni siri yangu na hakutaka kukisema kwa mwingine, nimemlazimisha mimi akuite. Ile homa niliyougua nikiwa msichana kabla ya kuolewa haijatoka. Ninayo. Ninaigawa. Nilimuuliza kuhusu Losana. Hakunijibu. Basi nikajua."

Watu waliokuja kujua baadaye wameniuliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Niliona sufuria ya mihogo inachemka na kifuniko kinarukaruka, nikanyanyuka nikakisogeza, nikaketi tena. Nakumbuka mama alisema, "Useme kitu, mwanangu, hata kibaya," nami nikasema mihogo imeiva. Tukaepua mihogo.

Tulipotoka nje nilimwambia Alumita, "Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza," akasema. "Na Krismasi angekamua tui tena."

"Ungempa dawa tu, ukamwambia ni za presha."

"Mama yangu huyo, Filimone. Siwezi kumtibu kama mbuzi."

Jumamosi tarehe 29 Novemba wazee waliitisha kikao katika ukumbi ule ule mpya, ajenda ikiwa moja, kuwaondoa wakulima wa juu ya mto. Bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi cha vikaoni, lilikuwa katikati, wazee mbele, vijana wamejaa madirishani. Alumita aliomba ruhusa kwa adabu zote, akatambaa hadi katikati kama inavyompasa binti wa kijiji, akasema kwamba ofisi yake imepima mto, imepima watu, na mto hauna hatia, na jirani zetu hawana hatia.

Marehemu mzee Taniela, msemaji wa koo, aliyekuwa na ulimi mnajua wenyewe, akamuuliza, "Binti Aporosa, hebu tuambie, umekula roti ngapi kwa Hardeo?"

Ukumbi ukacheka.

"Nimekula tatu, baba," akasema Alumita, "na maharage juu yake. Zilikuwa tamu na sikuugua."

"Kama si mto, ni nini?"

"Ni chakula cha siku ya ufunguzi."

"Kilichopikwa na nani?"

"Hilo silisemi. Mgonjwa ana haki ya siri yake, na huyu hakujua kama ni mgonjwa. Anatibiwa. Hatapika tena hadi apone. Mnachohitaji kujua nimewaambia."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kijana mmoja dirishani akapiga kelele, "Amenunuliwa!" na mwingine akasema, "Anawatetea Wahindi kwa sababu mtoto wa kaka yake ndiye aliyekufa, si wake!" Nilikuwa nimeketi nyuma karibu na nguzo, nikasikia jina la binti yangu likizunguka ukumbini katika midomo ya watu, na dada yangu akabaki ameketi katikati, mgongo wima, akitazama mkeka. Walimwita mengine ambayo sitayasoma mbele ya jeneza lake. Wangeweza kumtukana hadi jioni na asingelitaja jina.

Aliyejibu alikuwa mama. Aliingia kwa mlango wa wanawake, hakuomba ruhusa, hakutambaa, akasimama wima mbele ya wazee, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada ya siku hiyo.

"Mwacheni mwanangu," akasema. "Ni mimi. Homa niliugua nikapona, yenyewe haikupona. Mikono iliyokamua tui siku ile ni hii hapa. Nimemuua mjukuu wangu, nimewaua watu wenu watatu, na sikujua. Hardeo hajafanya kitu. Mkitaka kuchoma, nyumba yangu ile pale, mnaijua, mmekula pale wote."

Mzee Taniela alikuwa ameshika kikombe cha kifuu mkononi, akakirudisha bakulini na yaqona yake bila kunywa, na kikao kikaisha hivyo, bila sala ya kufunga, watu wakatoka mmoja mmoja. Magogo yaliondolewa barabarani kabla ya jua kuzama. Wiki iliyofuata wazee walivuka mto na jino la nyangumi, zawadi yetu kuu ya heshima, kuomba radhi kwa shamba lililoungua, na mzee Hardeo akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza huku na huku, akasema, "Asanteni, wazee wangu, lakini hili nitalitundika wapi? Ukutani kwangu miungu imejaa," na mzee Taniela akamwambia, "Litundike katikati yao, walitazame zamu kwa zamu." Lipo hadi leo. Mkataba uliongezwa.

Mama alimeza dawa miezi mitatu, vijidudu havikutoka, na tarehe 16 Machi 2004 alifanyiwa upasuaji Suva, kifuko cha nyongo kikaondolewa, na kufikia mwisho wa mwaka huo vipimo vyake vyote vilikuwa safi. Alumita alitangaza hilo kanisani kwa ruhusa ya mama. Watu waliitikia amina, na hawakuja kula. Mama alipika, akafunika, akangoja, akafunua, akawapa nguruwe. Ndipo marehemu akaanza kuja kila Jumapili kutoka Labasa, mwendo wa saa mbili kwa gari la ofisi au kwa basi, akaketi mlangoni kabisa mwa jiko ambapo kila anayepita atamwona, akala chochote alichopewa na mama kwa mkono, kwanza kabisa samaki wa tui, akiongea kwa sauti na wapita njia. "Shangazi Laisani, karibu!" Shangazi akawa anasema ameshiba. Jumapili moja akasema hajashiba, akaingia. Nami nilikula. Mke wangu Varanisese hakula, alimheshimu mama, alimwogesha alipougua, alimsuka nywele, lakini chakula kutoka mkono wake hakula tena hadi yeye mwenyewe alipofariki mwaka 2017, na Alumita aliniambia nisimlazimishe kamwe, nami sikumlazimisha.

Baada ya hapo dada yangu alitumia miaka iliyobaki ya utumishi wake kwa jambo moja kubwa, kuwatafuta watu wanaobeba homa hii bila kujua, katika visiwa vyetu na kwa muda Visiwa vya Solomon na Kiribati, na kupigania watibiwe bila majina yao kutangazwa na bila wao kufukuzwa katika majiko yao. Aliwafundisha wauguzi wengi, baadhi mmevaa sare hapa leo, na alikuwa mkali. Muuguzi akimwambia, "Sista, nimempata aliyeleta ugonjwa," alimkatiza, "Hakuuleta. Na yeye ulimkuta. Anza tena." Alistaafu tarehe 19 Februari 2016, akarudi kijijini, akalima majimbi mabaya sana.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2009, na aliyewahubiria watu wa kaskazini yote kuhusu sukari na mkate mweupe alikuwa, tuseme ukweli, mgonjwa msumbufu. Makereta alikuwa akimkuta na keki nyuma ya redio. Mwaka 2020, mwezi Agosti, mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya kidonda kidogo cha ganda la chaza, na alipozinduka akamwambia daktari, "Miaka ishirini nimeandika ripoti kuhusu mwanamke huyu, umri zaidi ya hamsini, mnene, mkaidi. Sikujua ndiye mimi." Kuanzia Novemba 2022 figo zilishindwa, akawa anasafishwa damu Labasa, na mwezi Aprili mwaka huu yeye mwenyewe, akiwa na akili timamu, aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, katika nyumba ya mama, akiwa na umri wa miaka 62. Nilikuwepo. Alikuwa anapumua, na baadaye alikuwa hapumui. Nilitoka nje nikafunga kuku, kwa sababu watu wangeanza kuja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Labasa, hasa waliomhudumia katika kusafishwa damu, ambao aliwasumbua kwa maswali hadi wakamkabidhi ubao wa takwimu zao aurekebishe. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, waliokuja kutoka mbali, wengine wakiwa wamestaafu na magongo. Tunawashukuru watu wa Vunisei kwa mikeka na majimbi. Tunaishukuru familia ya marehemu mzee Hardeo, iliyofika tangu Jumatano na magunia ya mchele na turubai hili tulilokaa chini yake. Tunamshukuru mchungaji, na wanawake wa kanisa waliokesha wakiimba, na Shangazi Laisani, ambaye ana miaka tisini na amesisitiza kuimba sauti ya kwanza. Kwa agizo la marehemu mwenyewe, mlangoni pa banda la chakula kuna maji na sabuni, Waisale amesimama pale, na amesema yeye ni askari na hatapita mtu.

Ninalo jambo moja lililobaki, halimo katika karatasi. Mama yetu ana miaka themanini na mitatu. Ndiye yule pale kwenye mikeka, upande wa kichwa cha jeneza. Tangu Jumanne hajalia, na hajasema ila lile neno moja, usomwe, na mikono yake ameikalia tena. Mtakapopita kutoa heshima za mwisho, msimwambie maneno mengi, na msiishie kuinamisha kichwa kwa mbali. Inameni, mwombeni mikono yake, aitoe, muishike. Mmoja baada ya mwingine, wote, tuna muda.

Alumita, dada yangu, kazi umeimaliza, nasi tutaifanya hiyo iliyobaki. Pumzika kwa amani.